Boti ya Upepo na Panga Langu la Mninga

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia yangu ni ya kubahatisha, hasa herufi h, ambayo sijawahi kujua inakaa wapi. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikashika randa, na tangu hapo kalamu nimeishika siku za kutia sahihi tu. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini siku mliyoniaga pale karakana mlinitaka niseme machache juu ya miaka yangu ya kazi, nami nikasimama, nikasema "Ahsanteni," nikakaa. Mkacheka. Watu wakinitazama ulimi wangu unakuwa mzito, ndivyo nilivyo tangu ujana. Hapa mezani hakuna anayenitazama, kwa hiyo nitasema.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vimo kwenye faili, na anayependa kusoma faili atasoma. Nitasema habari za boti ya upepo, kwa sababu wengi wenu mmesikia jina lake na wachache tu wanaamini kwamba ilikuwapo.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili. Nilikuwa kijana wa Keko, nafanya kazi kwa mjomba wangu, Fundi Mwinyimvua, mchonga milango. Kwake nilikaa miaka sita. Milango yake ilikuwa ya mbao mbili zinazotazamana: ua likipinda kulia kwenye ubao huu, kwenye ule lipinde kushoto, ili mlango ukifungwa maua yakutane katikati. Tulikata kiolezo kimoja tu cha karatasi ngumu. Tukichora ubao wa kwanza, tunakigeuza kifudifudi, tunachora wa pili. Mjomba alikuwa hasemi tena "geuza." Alikuwa anakohoa tu, nami mkono wangu unageuza.

Wakati huo serikali ilikuwa na kikosi cha kuua mbu, kambi yake Mtoni, ukingoni mwa bonde la mto Kizinga. Walitaka seremala wa kutengeneza masanduku ya dawa na mipini ya majembe. Mjomba akanipeleka mwenyewe, akamwambia mzungu wa kambi, "Huyu hasemi, lakini mkono wake unasema." Nikaandikwa siku hiyo hiyo.

Mzungu yule tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa mtu mpole, mrefu, na Kiswahili chake kilitembea kwa magongo, lakini kilifika. Dereva na mkubwa wetu alikuwa Sajini Ambrosi, mtu wa Songea, aliyepigana vita huko Burma akarudi na kovu shingoni na desturi nyingi za jeshi. Vibarua walikuwa sita, na aliyesikika zaidi ni Salum wa Mbagala, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya kupumzika.

Jeshi lilipomaliza vita lilibaki na vyombo vingi vya ajabu ambavyo halikujua pa kuvipeleka. Viwili vililetwa kwetu. Cha kwanza kilikuwa gari la minyororo, lililotengenezwa lipite matopeni na kuogelea majini. Vijana waliliita Kiboko. Lilipita matopeni siku mbili, siku ya tatu likaogelea kuelekea chini, na sidhani kama limerudi juu mpaka leo.

Cha pili ndicho boti ya upepo. Chini yake ilikuwa bapa kama sinia, haina mkuku wala kitu chochote kinachoingia majini. Nyuma, juu ya vyuma, ilifungwa injini ya ndege, na kwenye injini panga la mbao la mabawa mawili, refu kuliko mtu mrefu. Kwenye vitabu naambiwa linaitwa rafadha. Sie tuliita panga tu. Panga likizunguka linasukuma upepo nyuma, na boti inateleza mbele, juu ya maji, juu ya matete, hata juu ya matope yenye umande. Haikuwa na breki wala gea ya kurudi nyuma. Dereva alikaa kwenye kiti cha juu kama muadhini, akishika mti mmoja uliogeuza mabati mawili yaliyosimama nyuma ya panga. Ukitaka kusimama, unaizima mapema na kuomba Mungu.

Siku yangu ya kwanza Sajini Ambrosi alinitazama kichwani akasema, "Kijana, vua kofia."

"Kwa nini, afande?"

"Vua."

Ilikuwa kofia ya vitobo aliyoishona mama yangu miezi mitatu. Niliona aibu kuvua, nikaishika kwa mkono. Injini ikawaka, mkono ukateleza kidogo tu, na kofia ikaruka kuelekea nyuma, ikapita kwenye panga, ikatoka upande wa pili ikiwa nyuzi. Salum alilia kwa kucheka. Ambrosi hakucheka. Alisema, "Leo kofia. Kesho shingo." Tangu siku hiyo nilijua kwamba panga lile linavuta kabla ya kusukuma, na chochote kilicholegea mbele yake ni mali yake.

Kazi yetu ilikuwa kupita kwenye vinamasi vya Kizinga, mahali ambapo mtumbwi hauingii kwa matete na mtu hapiti kwa matope, tukinyunyiza dawa ya viluwiluwi vya mbu. Masikio tuliziba pamba. Tulisema kwa mikono: kupiga paja mara moja ni simama, mara mbili ni hatari, kushika sikio ni chai. Watu wa bondeni mwanzoni walituogopa, kisha wakawa wanatupa ujumbe tupeleke kwa ndugu zao ng'ambo. Homa ilipungua katika nyumba za ukingoni. Hilo sikuliona kwenye takwimu, nililiona kwa watoto waliokuwa wakija kututazama: kila msimu walikuwa wengi zaidi na wenye kelele zaidi.

Kisha panga likavunjika. Salum aliweka kikombe cha bati cha chai juu ya sanduku la dawa, akasahau. Ambrosi alipokoleza mafuta, kikombe kikaruka kikaingia kwenye panga. Mlio ule sitausahau. Bawa moja lilipasuka lote, vipande vikaruka matetini, kimoja kikamchana Ambrosi juu ya nyusi. Bawa la pili lilibaki zima kabisa, hata rangi haikutoka. Tulirudi kambini kwa kupiga makasia ya mipini ya majembe, kazi ya nusu siku, na kwa mara ya kwanza Salum hakusema neno njia nzima.

Bwana Miwani alituita uani. Alisema panga jipya lazima litoke Ulaya kwa meli, na meli haina haraka. Wakati huo huo wakubwa wa mjini walikuwa wamechoka na gharama za boti. Mkaguzi angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akiikuta boti inafanya kazi, kikosi kitaendelea. Akiikuta imelala, itauzwa chuma chakavu na vibarua wataambiwa kwaheri. Tulikuwa wanane na Ambrosi, na sita kati yetu walikuwa na watoto.

Nikasikia sauti inasema, "Mie naweza kulichonga." Nilitazama nani amesema, nikaona wote wananitazama mimi.

Bwana Miwani akauliza, "Wewe umepata kuchonga hii?"

"Hapana, Bwana. Milango."

Salum akasema, "Haya, tutapanda mlango!" Lakini Ambrosi akasema, "Mpe ruhusa, Bwana. Hatuna kitu kingine cha kumpa."

Nilikwenda Keko kuchukua mbao za mninga kwa mjomba. Panga halichongwi kwenye gogo moja, litapinda. Unachukua mbao sita, unazipanga kama ngazi, kila moja inatokeza kidogo kuliko mwenzake, unazigandisha kwa gundi ya kuchemsha na kuzikaza usiku na mchana. Kisha unaanza na tezo, unafuata na patasi, unamalizia na randa ndogo na msasa. Kipimo nilikichukua kwenye bawa lililobaki zima. Nilikata kiolezo cha karatasi ngumu kwa umbo lake, na vingine vidogo vya kupima mpindo wake, nikaandika JUU kwenye kila kimoja ili nisipotee. Bawa la kwanza lilikaa vizuri kabisa. La pili nikachora na kuchonga bila kufikiri, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unaijua kazi ya mbao mbili.

Uzito niliupima hivi: unapitisha ufito wa chuma kwenye tundu la katikati, unauweka juu ya visu viwili vilivyosimamishwa makali juu. Bawa zito linashuka. Unalipunguza kwa msasa, unapima tena, mpaka panga linakaa popote unapoliacha. Langu lilikaa. Lilitulia kama mizani ya duka la mtu mwaminifu. Nikalipaka vanishi, nikafunika ncha zake kwa bati la shaba, na kambi yote ikaja kulitazama. Lilikuwa zuri. Mabawa yake mawili yalitazamana kama mlango wa msikiti. Hata Bwana Miwani alilipapasa.

Jumatatu tukalifunga. Ambrosi alikuwa na desturi aliyotoka nayo jeshini: aliyetengeneza ndiye anayepanda kwanza. Nikapanda, nikakaa mbele, pamba masikioni. Injini ikaunguruma. Boti ikatetemeka. Ambrosi akaongeza mafuta, ikatetemeka zaidi, lakini haikwenda popote. Meno yaligongana mdomoni mwangu. Maji yalichafuka pande zote, nati moja ikaruka, na tulipozima tulikuwa pale pale tulipoanzia, labda tumerudi nyuma urefu wa kiatu.

Salum akapaza sauti kutoka ukingoni. "Fundi! Sie tuliomba boti, wewe umetuletea cherehani!"

Wote wakacheka, kicheko cha watu walioogopa. Ambrosi alishuka, akaketi juu ya debe, akatazama chini.

Walipokwenda kunywa chai nilibaki. Nilipapasa bawa la kwanza kwa kiganja, taratibu, kisha la pili. Kiganja kiliniambia kitu ambacho jicho halikuniambia. Nikakimbia kuleta kiolezo. Juu ya bawa la kwanza kililala vizuri, neno JUU likinitazama. Juu ya bawa la pili hakikukaa, mpaka nilipokigeuza kifudifudi, JUU ikazama kwenye mti. Hapo nikajua. Nilikuwa nimegeuza karatasi. Nilikuwa nimetengeneza panga kama mlango, bawa la kulia na bawa la kushoto, wakati panga linataka mabawa mawili yanayofanana kabisa, moja linamfuata mwenzake. Panga langu bawa moja lilisukuma upepo nyuma na la pili likaurudisha mbele. Yalikuwa yanagombana. Na uzito wao ulikuwa sawa, ndiyo maana visu havikusema kitu.

Kabla sijainuka, Bwana Miwani alifika na Ambrosi na wale wengine. Akaniwekea mkono begani. Mzungu yule, nimesema, alikuwa mpole.

"Athumani," akasema, "si kosa lako. Mimi nimefikiri. Hii miti ya hapa haiwezi kazi ya injini. Nitaandika hivyo kwa mkaguzi. Wewe kazi yako nzuri, nitakupeleka karakana ya mjini, wanataka seremala."

Mlango ulikuwa wazi, nanyi mnajua mie na milango. Nilikuwa nimepewa kazi mjini, jina langu safi, na mti ndio umebeba lawama, mti ambao hauna mdomo. Niliwatazama wenzangu. Salum alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa na watoto wanne, na kikombe chake ndicho kilichovunja panga la kwanza, nami nilijua hapati usingizi tangu siku hiyo.

"Bwana," nikasema, "si mti."

"Nini?"

"Mti hauna kosa. Ni mie. Niligeuza karatasi."

Nikawaeleza. Sauti ilitetemeka kama ile boti, na nilisema nikitazama miguu yangu, lakini nilisema mpaka mwisho, hata la mjomba na kukohoa kwake. Bwana Miwani alichukua kiolezo, akakilaza juu ya bawa hili, akakilaza juu ya bawa lile, akavua miwani, akaivaa. Nilingoja anifukuze.

Ambrosi ndiye aliyesema kwanza. "Siku ngapi?"

"Nne. Nikipata mbao leo."

"Leo Jumatatu. Mkaguzi Jumamosi." Akainuka kwenye debe. "Salum, chukua toroli. Mnakwenda Keko."

Mjomba alinisikiliza akiwa na patasi mkononi. Nilidhani atakasirika kwamba nimemtaja mbele ya mzungu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka sita nakufundisha kugeuza," akasema, "leo unakuja kunishtaki kwamba umejua!" Kisha akaacha kucheka, akaingia ndani, akatoka na mbao za mninga mkavu alizokuwa ameshazipima kwa mlango wa tajiri mmoja.

"Mjomba, hizo zina mwenyewe."

"Mwenyewe atafunga pazia mwezi mmoja zaidi. Shika upande ule."

Na kabla hatujapakia akachukua kiolezo changu, akachota masizi chini ya sufuria, akapaka mgongo wote wa karatasi ukawa mweusi tititi. "Sasa ukigeuza," akasema, "utajichafua mikono." Vijana wangu, mara nyingi mmeniuliza kwa nini violezo vyangu vyote ni vyeusi upande mmoja, nami nikawaambia ni desturi. Ni desturi ya siku ile. Fanyeni hivyo hivyo. Masizi hayauzwi dukani, na hayajawahi kuniangusha.

Siku nne zile Salum hakuondoka karakana yetu ya kambini. Alichochea moto wa gundi, alikaza vibano, alifagia vumbi, na kila nilipoinua kiolezo alikuwa ananishika mkono na kuuliza, "Nyeusi chini?" Nikijibu "chini," anauachia. Mara ya kumi nilimwambia aniache. Akasema, "Siachi. Wewe ulisema ni wewe. Mie kikombe changu sijakisema kwa mtu." Akaweka kuni nyingine. Jioni ile ile alikwenda kwa Bwana Miwani akakisema.

Ijumaa mchana panga jipya lilikuwa tayari. Halikuwa zuri kama la kwanza. Mabawa yake hayakutazamana. Lilikaa kama mtu anayetembea, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma. Hakuna aliyelisifu. Lilipofungwa nilipanda mbele bila kuambiwa.

Ambrosi akawasha. Mtetemo haukuwapo. Palikuwa na sauti moja ndefu, nene, ikipanda, na matete ya nyuma yetu yakalala chini yote kwa mpigo. Kisha mgongo wangu ukasukumwa na kitu kisichoonekana, na ukingo ukaanza kuondoka. Tulipita maji ya wazi, tukaingia matetini, yakafunguka mbele na kufunga nyuma, tukapanda ulimi wa matope ambapo alama za kwato za ng'ombe zilikuwa zimekauka, tukateleza juu yake kama sabuni, tukarudi majini upande wa pili. Ndege weupe waliruka mbele yetu wakachelewa. Nilipogeuka, Ambrosi alikuwa anacheka mdomo wazi juu ya kiti chake, na sauti yake siisikii hata kidogo.

Jumamosi mkaguzi akaja, mtu mfupi mwenye soksi ndefu. Alizungushwa bonde zima. Aliposhuka, miguu ikiwa bado haijaamini ardhi, aliuliza panga lile limetengenezwa na kampuni gani. Bwana Miwani akanionyesha kwa kidole. Mkaguzi akanitazama, nami nikatazama chini kama kawaida yangu, na kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje. Salum aliuona. Alinieleza uso ule kila siku kwa miaka minane, na kila mwaka macho ya mkaguzi yalizidi kuwa makubwa. Kikosi kiliendelea. Hakuna aliyeambiwa kwaheri.

Miezi mingi baadaye sanduku refu likafika kwa meli. Ndani, kwenye karatasi za mafuta, lilikuwamo panga la Ulaya, jipya, linang'aa, na namba zake zimechongwa. Bwana Miwani akasema tulifunge.

Ambrosi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Bwana, lililopo lina kosa gani?"

Bwana Miwani alifikiri. "Halina."

"Basi hili liwe spea la lile."

Wakaniita nitengeneze rafu ya kulilaza stoo. Niliitengeneza nzuri, kwa mbao za masanduku ya dawa, nikalifunika kwa kaniki lisishike vumbi. Lilikaa pale miaka yote ya kikosi chetu. Boti ilipochoka na kuvunjwa lilitoka likiwa na karatasi yake ya mafuta, halijawahi kufungwa hata siku moja.

Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, mnazijua, nyingine mnazikalia. Kwa hiyo sasa niandikieni nyie. Karani wa karakana anajua ninapokaa. Barua za kunisifu msijisumbue nazo. Niandikieni kazi mliyoiharibu wenyewe, iliharibikaje, na mlimwambia nani kwanza. Kama hamjamwambia mtu bado, anzeni na mie.